Nani Amshike Bibi Mkono? Maandalizi ya Makocha wa Kujihami kwa Wazee wa Ikoma

Kocha wa karate au judo nchini Tanzania huandaliwa kwa njia moja. Anaanza akiwa kijana, mara nyingi shuleni au katika ukumbi wa mtaani, anapanda mkanda baada ya mkanda, anapigana kwenye mashindano, na siku magoti yanapoanza kulalamika anageuka mwalimu. Anachokijua vizuri ni kumtoa jasho mtu mwenye nguvu kama zake: teke la juu, ngumi za mfululizo, kata (mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa) ndefu, kuruka na kuanguka bila kupumzika. Mweke sasa mbele ya mabibi na mababu wa Robanda, Nyichoka au Nata, katika eneo la Ikoma na Nata, wilayani Serengeti, mkoani Mara. Sehemu kubwa ya alichofundishwa haitamsaidia, na sehemu nyingine itakuwa hatari. Swali la nani awafundishe wazee kujihami kwa kawaida huanzia kwenye mkanda. Mimi naona lianzie kwenye mwili wa mzee mwenyewe, kisha kwenye ruhusa ya nani kumgusa nani.

Kwanza haja yenyewe, maana wapo watakaocheka wakisikia bibi anapelekwa karate. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, na sensa ya 2012 ilikuta watu wa umri huo wapatao milioni 2.5, asilimia 5.6 ya Watanzania. Walio wengi wako vijijini, na wanakabiliwa na maadui wawili ambao fani za mapigano zina la kusema juu yao.

Adui wa kwanza ni ardhi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wanaoongoza. Kijijini mzee huanguka akienda chooni usiku, akishuka mtoni wakati wa masika, akimkwepa ndama zizini. Nyonga ikivunjika, safari ya matibabu inaweza kuanzia Hospitali ya Nyerere pale Mugumu ikaishia Musoma au Bugando, Mwanza, na njiani ng'ombe wa familia wakawa wamepungua.

Adui wa pili ni binadamu. Kusini mwa Mara, katika mikoa ya Usukuma, wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa miaka mingi kwa tuhuma za uchawi, huku macho mekundu yakichukuliwa kuwa ushahidi. Wekundu huo kwa kweli ni matunda ya maisha mazima ya kupulizia moto wa kuni na wa samadi. Shirika la HelpAge na washirika wake walipoanza kupambana na mauaji hayo, miongoni mwa waliyoyafanya ni kuhimiza majiko yasiyotoa moshi mwingi. Kisa hiki nakitaja mapema ili kocha ajue tangu mwanzo kwamba kuna hatari ambazo jiko huzipunguza kuliko ngumi.

Mfano wa karibu zaidi wa wazee kufundishwa kujihami kwa mpango uko Korogocho, mtaa wa mabanda mashariki mwa Nairobi. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, habari za mabibi kuvamiwa na kubakwa zilienea. Baadhi ya wavamizi waliwachagua wazee kwa kuamini kwamba mwanamke mzee hana virusi vya UKIMWI. Lee Paiva na mumewe, daktari Jake Sinclair, Wamarekani waliokuwa wakifanya kazi katika mitaa ile, walianza kuwafundisha wanawake kujilinda. Juhudi zao zilikuja kuzaa mpango mkubwa wa mashuleni, lakini mabibi wa Korogocho waliendelea na kundi lao, lililokuja kujulikana kwa jina la Shosho Jikinge, na waandishi wa habari wa dunia wamelitembelea mara kwa mara.

Mwenye kuandaa makocha atafaidika kwa kutazama mambo ambayo mabibi hao wameyaacha. Mabibi wale hawarushi mateke ya kichwa. Hutumia kisigino cha kiganja badala ya ngumi, kwa sababu ngumi ya mtu wa miaka 75 inaweza kuvunjika vidole kabla haijamwumiza anayepigwa. Hulenga macho, pua na sehemu za siri, mahali ambapo nguvu kidogo hutosha. Na kabla ya pigo lolote, hufundishwa kupaza sauti: neno moja la kukataa, kwa nguvu zote za kifua, ili mvamizi ashtuke na majirani wasikie. Mwanamke aliyelelewa asipaze sauti mbele ya wanaume huhitaji muda mrefu kujifunza kelele hiyo kuliko kujifunza pigo. Kocha asiyelijua hili atapitisha somo la sauti kwa dakika mbili akimbilie mikono.

Jambo kubwa zaidi la Korogocho ni kwamba wanaofundisha ni mabibi wenyewe. Aliyejifunza jana anamwonyesha mwenzake leo, magoti yao yakiwa na umri mmoja. Mwalimu akiinama kwa shida, mwanafunzi anaona jinsi ya kuinama kwa shida, na hilo ni somo kamili. Kijana mwenye mkanda mweusi hawezi kulifundisha, kwa kuwa hajawahi kuinama hivyo.

Upande wa kuanguka, ushahidi mzuri unatoka mbali. Mjini Nijmegen, Uholanzi, Brenda Groen na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba mtu anayeangukia ubavu kwa mbinu za fani za mapigano, kwa kujiviringisha badala ya kugonga moja kwa moja, hupunguza pigo kwenye nyonga kwa zaidi ya robo. Miaka mitatu baadaye watafiti hao waliuliza kama mafunzo hayo ni salama kwa wenye mifupa dhaifu. Jibu lao lilikuwa ndiyo, kwa masharti: godoro nene, kinga ya nyonga, na kuachana na mazoezi ya kuangukia mbele. Uswidi ina mpango wa Judo4Balance, ambamo makocha wa judo hupewa mafunzo ya ziada kisha huenda kuwafundisha wazee kuanguka na kuinuka. Seville, Uhispania, wana judo yao iliyorekebishwa kwa kazi hiyohiyo. Ukitazama mipango hii utaona haikubuni mbinu mpya. Imechukua somo la kwanza la judo, lile ambalo mwanzilishi wake, Jigoro Kano, na wanafunzi wake walilifanya msingi wa shule yao, Kodokan, tangu 1882, ikaligeuza kuwa somo zima.

Huko Oregon, Marekani, Fuzhong Li alichukua mtindo wa tai chi wenye miondoko 24 akaupunguza hadi 8, na kila mmoja akauchagua kwa kuwa unamlazimisha mzee kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Katika jaribio lililochapishwa 2018, likiwa na watu 670 wenye miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka, waliofuata mpango huo walianguka mara chache kwa asilimia 58 kuliko waliofanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Kutoka 24 hadi 8: kocha anayetaka kufundisha wazee lazima awe na ujasiri wa kukata kiasi hicho. Wengi hawana. Kata ni urithi kutoka kwa mwalimu wake, na kuikata anaona ni kumkosea heshima. Kwa hiyo mafunzo ya makocha yaanze kwa zoezi gumu: chukua kata unayoipenda kuliko zote, ondoa kila hatua ambayo bibi wa miaka 72 hawezi kuifanya akiwa na kanga kiunoni na kandambili miguuni, halafu utuonyeshe kilichobaki.

Kandambili na kanga si mapambo ya hoja. Bibi akivamiwa njiani au akiteleza uani, hatakuwa amevaa suruali nyeupe ya karate. Mguu wake utafika pale kanga inapouruhusu kufika. Kocha na afundishe akiwa amevaa vivyo hivyo, au angalau afunge shuka kiunoni na ajionee mwenyewe teke linavyokufa.

Sasa mwili. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, miongoni mwa watu zaidi ya 2,000 waliovuka miaka 70, ulichapishwa 2013 na kuonyesha kwamba karibu watu 7 kati ya 10 walikuwa na presha ya juu. Walio wengi hawakuwa wakijua. Hai si Serengeti, lakini hakuna sababu ya kocha wa Mugumu kujidanganya kwamba wanafunzi wake wako tofauti sana. Na hapa ndipo mtindo mmojawapo mkubwa katika historia ya karate ya Tanzania unapohitaji uangalifu. Goju-ryu, uliojengwa na Chojun Miyagi wa Okinawa, una kata iitwayo Sanchin: unasimama, unakaza mwili mzima, unavuta na kutoa pumzi kwa nguvu na kwa sauti, na mwalimu anapita akikupiga mabega na mapaja kupima kama umekaza. Kwa kijana ni shule ya nidhamu. Kwa mzee mwenye presha asiyoijua, kukaza mwili huku pumzi imebanwa hupandisha presha ghafla, na kofi la mwalimu kwenye bega lenye mfupa dhaifu ni mchezo wa kubahatisha. Sanchin inaweza kubaki, ila pumzi iwe laini, mdomo wazi, bila kubana, na mikono ya mwalimu ikae mbali.

Kocha basi ajue kupima presha, au awe na mtu wa kumpimia. Tangu Januari 2024 serikali imekuwa ikitekeleza mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaokusudiwa kufika 137,294 nchi nzima. Mhudumu wa namna hiyo akija na kipimo chake mwanzoni mwa darasa atafaa kuliko mkanda wa rangi yoyote. Ajue pia kwamba baadhi ya dawa za presha humpa mtu kizunguzungu anapoinuka haraka, na kwa hiyo darasa linaloanza kwa "laleni, amkeni, laleni, amkeni" ni mtego. Ajue kuuliza kuhusu kisukari, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hausikii jiwe. Ajue kutazama jicho lenye mtoto wa jicho na kumweka mwenye jicho hilo mbele, mahali penye mwanga. Vipimo vya nguvu na mizani havihitaji mashine: mara ngapi mtu anainuka kitini kwa sekunde 30 bila kushika popote, anasimama kwa mguu mmoja kwa muda gani, anatumia muda gani kuinuka, kutembea mita tatu, kugeuka na kurudi kukaa. Daftari la shule linatosha kuandikia.

Hata hivyo, mitaala ya Ulaya ina dhana moja isiyofika Ikoma. Inamfikiria mzee aliyekaa kwenye sofa miaka ishirini. Bibi wa Nata amelima mahindi na mihogo, amebeba maji na kuni kichwani, amechuchumaa mara nyingi kuliko wacheza karate wengi wa Stockholm. Paja lake linaweza kuwa imara kuliko la kocha wake. Kinachomsumbua ni mgongo, magoti yaliyosagika, shingo iliyobeba mizigo, na kukosa mizani anaposukumwa kutoka ubavuni, maana kazi zake nyingi humpeleka mbele na chini. Kumwambia huyu akimbie mizunguko mitano ya uwanja ili apashe mwili ni kutojua ametoka wapi asubuhi hiyo. Anahitaji kulegezwa kwanza. Kalenda nayo ifuate shamba na siku za mnada. Darasa linalopangwa wakati wa palizi litakuwa la kocha peke yake.

Nafika sasa kwenye jambo ambalo mtaala wa Uswidi wala wa Oregon hautalitaja, nalo naliona zito kuliko yote yaliyotangulia. Kujihami hufundishwa kwa kushikana. Kocha humkamata mwanafunzi mkono ili amfundishe kujinasua, humshika mabega kumweka sawa, humlaza chini na kumwinua. Mijini mambo haya hupita. Mkoani Mara mkono una mipaka.

Wakuria wa Tarime na Serengeti wana mfumo wa vizazi, amakora, ambao mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliuchunguza kwa kina. Kati ya kizazi cha wazazi na kizazi cha watoto kuna ensoni, haya yenye nguvu ya sheria: yapo maneno yasiyosemwa, utani usiotaniwa, mwili usioguswa ovyo. Babu na mjukuu wao wako upande mmoja, wanataniana kwa uhuru. Waikoma, Wanata na Waisenye nao ni watu wa marika. Mwanahistoria Jan Bender Shetler ameeleza jinsi, mwishoni mwa karne ya 19, baada ya sotoka kumaliza mifugo, njaa, na mashambulizi ya Wamaasai, jamii hizi zilivyojipanga upya kwa marika hata ardhi yenyewe ikagawanywa kwa marika hayo: Busaai, Borumarancha, Bongirate. Katika nchi yenye historia kama hiyo umri ni cheo na ni mpaka.

Mrudie sasa kocha. Mtu wa miaka 45 ndiye ambaye mradi wowote ungemchagua, kwa kuwa ana uzoefu na utulivu. Ila kwa kundi la wazee wa miaka 65 hadi 80 huyu ni kizazi cha watoto wao. Haya inambana yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Miongoni mwa wanafunzi wake anaweza kuwemo mama mkwe wake, au mtu anayehesabiwa hivyo kwa ukoo, na hapo somo zima la kujinasua mkononi linakufa kabla halijaanza. Kijana wa miaka 22, ambaye mradi ungemwona hana uzito, ni mjukuu wao. Anaweza kumwambia bibi, "Leo nimekuja kukuiba, babu hayupo," akamkamata mkono, bibi akamtandika bega, na uwanja mzima ukacheka. Utani huo ni njia ya kufundishia iliyokwisha kuwepo. Bibi aliyecheka ameshusha mabega, amepumua, na amepiga pigo lake la kwanza bila kuambiwa kuwa ni somo.

Lakini mjukuu hawezi kuamuru. "Simama! Geuka! Rudia!" kutoka kwa mtoto wa juzi ni utovu wa adabu, hata kama amevaa mkanda wa taifa. Ndiyo maana ningependekeza makocha waandaliwe wawiliwawili: mjukuu wa kushika na kuonyesha, na mzee mwenzao wa kutoa amri, kusimamisha somo na kumwambia anayejikaza kupita kiasi akae chini. Kwa wanawake mzee huyo awe bibi. Wawili hawa wafundishwe pamoja, katika chumba kimoja, wajaribiwe pamoja, na cheti chao kisiwe na maana mmoja akikosekana. Shikamoo itangulie kila somo, na kijana asidhani kwamba kuinama kwa Kijapani kunaifuta.

Je, huyo mzee mwenzao atatoka wapi? Kwa karate, Tanzania ina jibu ambalo haijalitumia. Mapema miaka ya 1970 Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi, alikuja Dar es Salaam na kuanza kufundisha Goju-ryu, na dojo la Shule ya Sekondari ya Zanaki likawa chimbuko la karate ya mtindo huo nchini. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1975 sasa anakaribia 70. Yaani nchi tayari ina kizazi cha kwanza cha wazee wa karate, watu waliozeeka na fani na kujifunza wenyewe, kwa maumivu, ni kata ipi inavunja goti. Upande wa judo, Zanzibar ina shule iliyojengwa na Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyefundisha visiwani tangu miaka ya 1990, na huko ndiko pa kutafuta walimu wa kuanguka. Zanzibar pia ina desturi ya vikundi vya mazoezi vinavyojitokeza barabarani kila Januari mosi, wazee wakiwemo. Watu hawa ndio wangefaa kuwafundisha makocha, hata kama wao wenyewe hawatahamia Serengeti.

Katika Ikoma yenyewe, watu wanaojua kufundisha mapigano ni wengine. Ni waliopitia mgambo, JKT, polisi na jeshi. Wanaheshimiwa, wako karibu, na wengi wao sasa ni wazee. Ni rahisi kuwachukua. Ningewachukua kwa sharti la kuwaacha wakae pembeni kwa mwezi mzima wakitazama, kwa kuwa mazoea ya mgambo ni kuvunja ubishi wa kuruta: kelele, adhabu, matope, kukimbizwa. Mzee aliyeadhibiwa kwa pushapu mbele ya wajukuu hatarudi, na atakuwa na haki. Mwenye mgambo ana hazina moja nzuri, fimbo. Mzee wa Mara hatembei bila fimbo, na fimbo anayoishika kila siku hahitaji kufundishwa upya kuishika. Anahitaji kufundishwa kuisukuma kwa ncha badala ya kuizungusha, ili isinyakuliwe, na kuitumia kama mguu wa tatu anapoinuka baada ya kuanguka. Kwa wanaume wengi fimbo ndilo somo litakalowaleta, kabla ya karate yoyote.

Kocha ajue sheria. Kanuni ya Adhabu, sura ya 16, inampa kila mtu haki ya kujitetea na kutetea mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Bibi anayefundishwa kutoboa macho aambiwe ni lini. Ajue pia mipaka ya fani yake, na aiseme waziwazi darasani. Watu wanne wenye mapanga usiku hawazuiwi kwa kisigino cha kiganja. Kinachosaidia hapo ni mlango unaofungwa kwa ndani, mbwa, jirani anayeitika yowe, na namba ya mwenyekiti wa kitongoji. Kocha anayewaacha wazee waamini kwamba sasa wanaweza kupambana na yeyote amewaongezea hatari. (Tembo wanaotoka hifadhini kuingia mashambani hawamo kabisa katika somo hili; kwa tembo mbinu ni kukaa ndani.)

Mahali pa kufundishia hupuuzwa katika miongozo, na hapa yanakutana yote niliyosema juu ya tuhuma za uchawi. Fikiria mabibi kumi na wawili wanaokutana alfajiri, nyuma ya uzio, wakitembea polepole kwa duara na kusukuma hewa kwa viganja. Tai chi hiyo, katika kijiji ambacho mtu amefiwa na ng'ombe wiki iliyopita, inaweza kusomwa vibaya sana. Darasa liwe mahali pa wazi, uwanja wa shule au mbele ya ofisi ya kijiji, mchana kweupe, watoto wakitazama na kuiga. Wazee wa mila waarifiwe kabla ya siku ya kwanza, na ikiwezekana mmoja wao awe mwanafunzi. Kocha anayepita kwa mtendaji wa kijiji tu amepata kibali nusu.

Nani basi atoe mafunzo haya na cheti? Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1967, husajili vyama vya michezo, na vyama hivyo hutazama zaidi mashindano, kwa kuwa medali ndiyo hupeleka timu nje. Mzee hashindani, kwa hiyo hana chama. Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, kiko Kanda ya Ziwa hiyohiyo na kazi yake ni kuandaa walimu na makocha wa michezo. Kozi fupi ya wiki chache pale, kwa makocha wanaokuja wawiliwawili, mjukuu na mzee, ingekuwa hatua halisi kuliko kuleta mtaala mzima kutoka Ulaya. Nusu ya muda iende kwenye mwili: presha, dawa, mifupa, kuanguka na kuinuka. Robo iende kwenye kukata kata na kuisuka upya. Kinachobaki kiende kwenye sauti, sheria, fimbo na namna ya kukaa na wazee wa mila. Mtihani ufanyike kijijini, mbele ya wazee wenyewe, na wao wawe na kura.

Fedha ni hadithi ngumu zaidi. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee kama wazee hawamo. Kocha kijana anaweza kukopa na wenzake, ila mkopo hulipwa, na bibi hana ada ya mwezi. Kwa vijiji vya Ikoma na Nata kuna mlango mwingine. Robanda, Nyichoka, Makundusi, Park Nyigoti na Nattambiso ni wanachama wa Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Ikona, inayopata mapato ya utalii na kuyagawa kwa vijiji. Fedha hizo zimezoea kwenda kwenye madarasa, zahanati na visima, vitu vinavyoonekana kwa macho mkaguzi akija. Magodoro manane, viti imara visivyo na mikono, vipimo viwili vya presha na posho ya makocha wawili kwa mwaka havina jengo la kuonyesha wala jiwe la msingi la kuzindua, kwa hiyo vitahitaji mtu wa kuvitetea katika mkutano mkuu wa kijiji. Wazee wanahudhuria mikutano hiyo kuliko vijana, na huko hawahitaji kocha wa kuwafundisha kusema.